Pampu Kubwa ya Bibi Rolande

Kila siku baada ya masomo, Maélie Poulin aliteremka kutoka basi la shule mbele ya duka la baba yake, akakung'uta theluji viatuni na kuvaa aproni. Kazi yake ilikuwa kupanga viungio vya mirija kwa ukubwa wake na kuzifuta vumbi pampu za kufyonza zilizopangwa dirishani. Machi ilikuwa imeingia. Usiku barafu ilikaza, mchana jua lilichoma, na maji matamu ya miti ya mepo yalianza kutiririka, yakivutwa na pampu kupitia mirija iliyofungwa kutoka shina hadi shina, hadi kwenye vibanda vya kuchemshia shira. Katika majuma hayo, watu wa bonde zima walilala kidogo na kukasirika upesi.

Maélie alilipenda duka hilo kwa sababu aliyoifahamu yeye mwenyewe. Kabla ya kulifungua, baba yake, Réjean, alikuwa akifanya kazi katika mgodi wa kaskazini, na nyumbani alikuja kama mgeni, na begi lake halikuwahi kufunguliwa lote. Sasa alikuwa nyumbani kila jioni. Hata hivyo, alikuwa amesema waziwazi kwamba duka likifungwa, atarudi mgodini. Tena kila mtu alijua kuwa mteja aliyelishikilia duka ni Bibi Rolande Lessard, kwani alichonunua yeye ndicho walichonunua majirani zake wote.

Ijumaa moja Réjean akiwa ametoka kupeleka mzigo, mlango ulisukumwa kwa kishindo. Bibi Rolande aliingia, na nyuma yake akaja mjukuu wake Loïc, aliyesoma darasa moja na Maélie.

"Baba yako yuko wapi?"

"Ametoka, Bibi. Karibu. Nikusaidie nini?"

"Unisaidie kuirudisha takataka yenu. Pampu mliyoniuzia haivuti. Kwa jirani maji yanamwagika. Kwangu yanadondoka kama kamasi za mtoto."

"Labda ndani kuna panya anayezungusha gurudumu," Loïc alisema. "Na amechoka."

Maélie aliigeukia pampu kubwa ya dirishani. Alikuwa amekariri kijitabu cha pampu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akaona saa yake imefika.

"Tatizo lako ni dogo, Bibi. Pampu yako haiutoshi msitu wako. Tunayo hii kubwa hapa, ina nguvu maradufu, haipigi kelele, haishiki kutu, na ukiifunga kesho..."

"Umewahi kufika msituni kwangu?"

"Hapana, Bibi."

"Mirija yangu umeiona?"

"Hapana, lakini..."

"Sasa umejuaje kwamba pampu yangu ni ndogo?"

Loïc alicheka kwa pua.

"Baba yako aliniuzia ile akaniapia kwamba inatosha," Bibi Rolande aliendelea, sasa kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko ile ya kwanza. "Leo wewe unaniambia haitoshi. Kati yenu kuna mwongo. Mwambie kesho aje aing'oe. Na Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitawaeleza wasinunue hata kijirija hapa."

Réjean aliporudi, binti yake alimsimulia yote bila kujipendelea. Hakumkaripia. Alivua glavu zake polepole.

"Pampu ilianza lini kutovuta?"

"Sijui."

"Ni asubuhi tu, au kutwa?"

"Sijui, Baba."

"Na msimu huu kuna nini kilichobadilika pale kwake?"

Maélie aliinamisha kichwa. "Sikumuuliza."

"Kwa hiyo ulimpa dawa kabla ya kujua anaumwa wapi."

"Nilitaka asiondoke," alisema. "Sitaki urudi kule."

Réjean aliziweka glavu mezani. "Hata mimi sitaki. Kesho tutakwenda wote. Utamwomba radhi, kisha utamuuliza. Ukishauliza, nyamaza. Mtu akiulizwa jambo linalomuuma, jibu huchelewa, na ukilijaza pengo hilo kwa maneno yako hutalisikia kamwe."

Asubuhi walimkuta Bibi Rolande ndani ya mvuke, akiengua povu kwenye karai kubwa la kuchemshia. Katika bonde lile, mgeni haingii kwenye kibanda cha shira bila kumiminiwa shira ya moto juu ya theluji safi, aizungushe kwa kijiti ikiganda na kuila. Siku hiyo hakuna aliyemiminiwa kitu. Hata viti hawakuonyeshwa.

"Umekuja na spana zako?" Bibi Rolande alimuuliza Réjean.

"Ninazo. Lakini binti ana neno kwanza."

"Bibi, jana nilisema nisichokijua," Maélie alisema. "Naomba unisamehe."

"Umefundishwa hayo njiani."

"Baba ameniambia niombe radhi. Lakini kwamba sikujua, hilo ni langu mwenyewe."

Bibi Rolande aliguna, wala hakugeuka.

Réjean aliifungua pampu, akaikagua, akaifunga tena. "Hii ni nzima, Bi Rolande. Kuna mahali mirija inaingiza hewa."

"Mirija ni mizima. Loïc anaipitia kila asubuhi."

"Naipitia yote," Loïc alidakia kutoka mlangoni. "Au mnataka kusema mimi ndiye mwongo?"

Réjean alimtazama binti yake tu. Maélie alimgeukia Bibi Rolande.

"Bibi, tatizo hili lilianza lini?"

"Msimu huu. Na maswali yako yana mwisho?"

"Msimu uliopita mambo yalikuwaje?"

"Yalikuwa mazuri. Ningenunua vitu kwenu kama yasingekuwa mazuri?"

"Na wakati ule, kuna kitu kilichokuwa kikifanyika hapa ambacho siku hizi hakifanyiki?"

Kuni zilipasuka motoni. Bibi Rolande aliengua povu, akaengua tena mahali pasipokuwa na povu. Maneno yalimjaa Maélie kinywani: kuhusu pampu, kuhusu samahani, kuhusu chochote. Aliuma mdomo wake. Baba yake alitazama dirishani kana kwamba hana haraka na lolote duniani.

"Mume wangu, Adélard, alikuwa hai," Bibi Rolande alisema hatimaye.

Alisukuma kuni moja ndani ya moto.

"Kila asubuhi alivaa viatu vyake vipana vya theluji, akapotea msituni mpaka wakati wa chai. Nikimwambia achukue pikipiki ya theluji, kwa nini atembee kama watu wa kale, ananyamaza tu. Mimi sikuwahi kumfuata. Kazi yangu ni hapa kwenye moto. Nilidhani anazikimbia kelele zangu."

Maélie alimgeukia Loïc. Angeweza kumrudishia kejeli zote za jana mbele ya bibi yake, na moyo ulimtuma afanye hivyo. Badala yake aliuliza, "Loïc, unaweza kunionyesha unavyoipitia mirija?"

"Nikuonyeshe nini? Unatazama, unapita. Wewe huna macho?"

"Nionyeshe hivyohivyo."

Loïc alibetua midomo, akaiwasha pikipiki ya theluji. Maélie alipanda nyuma yake. Injini ilinguruma, miti ikapita pande zote, na mirija ya buluu ikapita pamoja nayo, imenyooka kutoka shina hadi shina. Kwa macho, kweli ilikuwa mizima. Waliposimama juu ya mteremko, Loïc alipaza sauti kushinda mngurumo.

"Umeona? Haina kitu!"

"Sikusikii."

"Nimesema haina kitu!"

"Zima kwanza."

Alizima. Msitu ulinyamaza ghafla. Kisha, karibu kabisa na sikio la Maélie, ulisikika mluzi mwembamba, kama wa mtu anayevuta pumzi kwenye pengo la meno. Wakasikia mwingine chini kidogo, na mwingine ng'ambo ya kijito. Loïc aliushika mrija uliokuwa karibu, akakuta umetobolewa na meno ya kindi, kitundu kidogo kuliko tundu la sindano ya kushonea magunia.

Alivua kofia. "Usimwambie Bibi kwamba sikuwa..."

"Mwambie wewe," Maélie alisema. "Wewe ndiye uliyezima injini."

Loïc alimwambia. Alisema yote akitazama viatu vyake. Bibi Rolande aliweka chini mwiko wake, akaegemea ukuta.

"Kumbe Adélard alikuwa akisikiliza mirija," alisema.

Mchana kutwa walipanda na kushuka kwa miguu, wakitega sikio, wakikata na kuunganisha upya. Kindi mmoja aliwatukana kutoka juu ya tawi muda wote. Mshale wa kipimo cha pampu ulianza kupanda, na maji yakaingia tangini kwa kishindo ambacho kibanda kile hakikuwa kimekisikia msimu huo.

"Ungeniuzia ile kubwa, Réjean," Bibi Rolande alisema, bado amekunja uso. "Nilishaamua kununua, kwako au kwa mwingine."

"Ingevuta hewa nyingi zaidi, na mwakani ungenichukia zaidi." Réjean aliwatazama watoto wote wawili. "Mteja akija na hasira, huwa anataja kitu alichokiona, si kile kilichoharibika. Kilichoharibika mara nyingi hakijui mwenyewe. Anayetaka kuuza tu hukimbilia kujibu. Mwaminifu huuliza, hunyamaza, kisha huomba aonyeshwe, hata kama mwisho wake ataondoka bila kuuza chochote."

Bibi Rolande alichota theluji safi, akaitandaza kwenye ubao, akamimina juu yake michirizi ya shira ya moto. Alimpa Maélie kijiti cha kwanza.

"Usidhani nimesahau ya jana," alisema. "Na Jumapili nitasema na watu vilevile."

"Utawaambia nini, Bibi?"

Maélie aliuliza, kisha akanyamaza, akizungusha kijiti chake polepole. Bibi Rolande aliutazama mlango unaoelekea msituni kwa muda mrefu.

"Nitawaambia wazime injini," alisema.