Neno la Mwisho kwenye Kadi

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa kitasa cha mlango, nyumba ile ilikaguliwa kama ndege.

Baba alikuwa rubani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amerusha ndege za shirika moja, na tabia za kazini zilikuwa zimemfuata hadi nyumbani. Alikuwa ameandika kadi ndogo na kuibandika nyuma ya mlango wa mbele. Yeye alisoma, na binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye alimwita Msaidizi, alijibu.

"Jiko?"

"Limezimwa."

"Bomba?"

"Limefungwa."

"Madirisha?"

"Yamefungwa, ila la chumbani kwenu. Mama bado anajipamba."

"Nawasikia," mama alisema kutoka chumbani.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, hujibu mpaka uwe umeona kwa macho yako. Siku moja Msaidizi alisema bomba limefungwa bila kwenda kuangalia, na jioni walikuta viatu vya mama vikielea sebuleni. Ya pili, mkikatishwa katikati, mnaanza tena kutoka juu.

Neno la mwisho kwenye kadi lilikuwa Ujumbe. Maana yake ilikuwa hii: je, kuna jambo ambalo mwenzako anapaswa kulijua kabla hamjaondoka? Inaweza kuwa simu iliyopigwa, jino linalouma au barua ya mwalimu. Kama lipo, linasemwa hapo hapo mlangoni. Kama halipo, unajibu "hakuna," na mlango unafunguliwa.

Jumatatu moja, wakati wa mapumziko shuleni, rafiki yake aliyeitwa Miwani alikaa kando yake bila kufungua chakula chake. Baba yake Miwani naye alikuwa rubani wa shirika lile lile.

"Juzi tuliletewa barua," Miwani alisema. "Baba aliisoma, akaingia ndani ya gari. Hakuliwasha. Alikaa tu. Mama akampelekea chai humo humo."

"Barua ya nini?"

"Wanapunguza marubani. Ukiipata, ujue kibarua kimeota nyasi."

Msaidizi alirudi nyumbani. Mama alikuwa ametoka kupeleka nguo alizomshonea mteja, na baba alikuwa kazini. Hakuwa amemaliza kuvua viatu, mlango ukagongwa. Alikuwa tarishi, amebeba mkoba na daftari kubwa.

"Barua ya kapteni. Weka sahihi hapa, binti."

Aliweka sahihi. Bahasha ilikuwa ya kaki, yenye muhuri wa shirika. Alisimama nayo sebuleni kwa muda mrefu, akiwaza gari lisilowashwa na kikombe cha chai kikipoa ndani yake. Kisha akaona njia. Barua isiyosomwa itamfukuzaje mtu? Aliifungia ndani ya atlasi yake, katikati ya ukurasa wa bahari, akairudisha atlasi rafuni.

Asubuhi iliyofuata, baba alifika kwenye neno la mwisho.

"Ujumbe?"

"Hakuna," alisema Msaidizi, akitazama viatu vya baba vilivyong'aa.

Jumatano alisema hivyo tena. Alhamisi, midomo ilisema yenyewe.

Jioni ya Alhamisi baba yake Miwani alikuja. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono isiyotulia, na mara nyingi alikuwa amerusha ndege akiwa msaidizi wa baba.

"Kapteni, umeshajaza fomu?"

"Fomu gani?"

"Ile iliyokuja na barua. Akiba yetu ya uzeeni iko mikononi mwa shirika, na shirika lenyewe linadaiwa kila kona. Asiyejaza fomu ya kuihamishia kwenye mfuko wa chama chetu kabla ya kesho saa kumi alasiri, yake inabaki huko huko. Wadai wakija, wanaikomba yote."

Baba aliweka kikombe chini polepole. "Mimi sijaletewa barua."

Wanaume wale wawili walitazamana. Kisha uso wa mgeni ulilegea, akacheka kidogo. "Basi umesalimika. Walioletewa barua ndio walio kwenye orodha; akiba ya wanaobaki inahamishwa na shirika lenyewe. Nenda kalale usingizi, mzee. Sisi wengine tutauza karanga."

"Utazila zote kabla ya kufika sokoni," baba alisema.

Mgeni alipoondoka, baba alimshika mama mkono. "Miezi miwili nimekuwa nikijua kwamba watapunguza watu," alisema. "Nilishindwa kukwambia. Sasa naweza kupumua."

"Nilidhani unaumwa," mama alisema, akageuka kujifuta macho.

Msaidizi alikuwa mlangoni. Furaha ile ilimchoma kuliko kiboko. Yeye ndiye aliyeitengeneza, na haikuwa ya kweli. Akiba ya miaka ishirini na miwili, ambayo wazazi wake wangeitegemea nguvu zitakapowaishia, ilikuwa imelala ndani ya atlasi yake. Alitaka kusema, lakini mama alikuwa akicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, naye Msaidizi akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi baba alikuja mlangoni amevaa sare, tepe nne begani, akikokota sanduku. Alikuwa na safari ya siku tatu. Alikuwa akipiga mluzi.

"Jiko?"

"Limezimwa."

"Bomba?"

"Limefungwa."

"Madirisha?"

"Yamefungwa."

"Ujumbe?"

Msaidizi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Baba aliacha kupiga mluzi. Aliweka sanduku chini. "Tumekatishwa," alisema kwa utulivu. "Tunaanza kutoka juu."

Alisoma tena neno moja moja, bila haraka, na Msaidizi akajibu huku machozi yakimtiririka. Walipofika mwisho, baba alisubiri kidogo kabla ya kuuliza.

"Ujumbe?"

"Upo, baba."

Alikwenda rafuni, akaileta atlasi nzima mikononi mwake.

Baba aliisoma barua akiwa amesimama. Mama alikuja, akaisoma akichungulia juu ya bega lake.

Baba alitazama saa, kisha akachukua simu na kumpigia mpanga zamu. "Tafuteni rubani mwingine wa safari yangu ya leo," alisema. "Hapana, siumwi. Kichwa changu hakijatulia, na mtu wa namna hiyo habebi abiria. Ndiyo, andika hivyo hivyo." Alipokata simu alivua koti lenye tepe, akalitundika kitini. "Wewe Msaidizi, vaa viatu. Tunakwenda wote."

Ofisi ya chama cha marubani ilikuwa ghorofa ya pili, na foleni ilianzia kwenye ngazi. Marubani walisimama wakiwa wamevaa mashati ya kawaida, wakitaniana kwa sauti za chini. Ilipofika zamu yao, karani alilinganisha barua na orodha yake.

"Barua hii ilipokelewa Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Aliyeipokea ni nani?"

Baba alimtazama binti yake.

"Ni mimi," alisema Msaidizi. "Niliificha."

Karani alimtazama juu ya miwani yake, akagonga muhuri kwenye fomu. "Saa tano na robo. Mmewahi."

Walipokuwa wakishuka ngazi, Msaidizi aliuliza, "Umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Umenidanganya siku tatu, ukitazama viatu vyangu." Baba aliketi kwenye ngazi, akamwachia nafasi. "Lakini mimi nimemficha mama yako miezi miwili. Kila asubuhi nilikuuliza kama kuna ujumbe, na wangu ulikuwa mfukoni. Sote wawili tulidhani tunawalinda tunaowapenda. Sikiliza, mwanangu. Rubani akiona taa nyekundu hawezi kuifunika kwa kitambaa ili abiria wasiogope. Anasema, ili wote watafute pa kutua. Kazi yangu inakwisha, na ingekwisha hata ungeificha barua ile mwaka mzima. Akiba yetu imepona kwa sababu ulisema. Jambo baya likisemwa mapema, mtu hupata muda wa kufanya kitu. Usisubiri mpaka uulizwe mara ya pili."

Mwezi ulipokwisha, baba alirudisha sare. Asubuhi zilizofuata alimwomba Msaidizi awe anasoma kadi, naye awe anajibu.

"Jiko?"

"Limezimwa."

"Bomba? Madirisha?"

"Moja moja, Kapteni," baba alisema. "Limefungwa. Yamefungwa."

"Ujumbe?"

Baba alirekebisha kola ya shati lake la bluu. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkoba begani.

"Upo," alisema. "Leo nakwenda kufanyiwa usaili kwenye chuo cha urubani. Kama watanichukua, nitafundisha. Na ninaogopa."

"Nimepokea," alisema Msaidizi, akafungua mlango.