Mbao za Mardan

Jipu lilikuwa tupu. Hamkuwa na gunia la unga wala abiria, hata spana moja haikuwamo nyuma. Lakini upande wa kushoto lilikuwa limelala chini, kama vile mtu mzima amekaa pale na mzigo wake. Sher Panah alikuwa amelijenga kwa mikono yake mwenyewe, na alijua fika kwamba springi hazikuwa na kosa. Alizing'oa kwenye lori bovu la jeshi, akazipasha moto, akazigonga moja moja mpaka zikanyanyuka.

Akachuchumaa, akapima kwa shubiri kulia, akapima kushoto. Tofauti ilikuwa vidole vinne.

"Unalipima jipu au unalishonea suruali?" aliuliza Gulap, mchomeleaji wake, akiwa amejinyoosha kivulini.

"Limeinama."

"Lina haki ya kuinama. Injini ya pikapu, gia boksi ya jipu la zamani, rejeta ya trekta, viti vya basi. Mimi ningekuwa na baba wanne ningelala chini kabisa."

Siku nyingine Sher Panah angecheka. Siku hiyo alikuwa amesikia harufu. Jua lilipozipiga mbao za sakafu ya nyuma, zilitoa kafuri, ile kafuri ya kuoshea maiti, na ilikuwa kali mpaka ikamkereketa kooni.

Sasa msidhani watu wa juu kule bonde la Yarkhun hujenga majipu kwa kutafuta sifa. Njia yao ya kwenda hospitali inakatwa na mto unaoshuka kutoka kwenye barafu. Asubuhi maji ni ya magotini. Jua likishaichoma barafu huko juu, alasiri yanafika kifuani na kuviringisha mawe. Khush Begim, mkewe Sher Panah, alikwisha kuzika watoto wawili, na wote wawili walimfia tumboni akiwa ukingoni mwa mto ule, anangoja jipu la watu, au jipu limekuja na maji yamekwisha kujaa. Alipopata mimba ya tatu, mume aliapa kwamba huyu hatangoja mtu.

Akanunua chesi tupu, yaani mifupa ya gari, kwenye mnada wa vyuma chakavu, na kila kilichobaki akakiokota, akakiomba au akabadilishana kwa kazi. Bodi aliikata kwenye mapipa ya mafuta. Staata ilimshinda bei, kwa hiyo jipu liliwashwa kwa kusukumwa kwenye mteremko. Ili injini ipate kupumua ndani ya maji, alilichomoa bomba la jiko la nyumbani kwake, lile la kutolea moshi, akalifunga ubavuni mwa boneti likapanda mpaka juu ya paa.

"Na baridi ikija tutapikia wapi?" Khush Begim alimuuliza.

"Baridi ikija tutakuwa na mtoto. Tutampasha kwa kugombana."

Ilibaki sakafu ya nyuma tu, pa kumlaza mgonjwa, na hapo ndipo alipokosea. Kule juu hakuna mti wa kupasua mbao. Iliyopo ni miembamba, ya kuezekea na kuni. Na vuli iliyopita, jirani yao Mardan, aliyekwenda Karachi kujenga maghorofa, alianguka, akarudishwa ndani ya sanduku. Walimtoa, wakamzika na sanda yake. Mbao za sanduku, kwa desturi ya pale, hufukiwa kaburini pamoja na mwenyewe. Lakini siku ile theluji ilianza watu wangali na makoleo mikononi, wakaziegemeza ukutani mwa makaburi zingoje udongo ulainike. Udongo ukalainika, na watu wakasahau.

Mbao sita, nene, zilizonyooka, zimepigwa randa. Sher Panah alizichukua mchana kweupe na wala hakujiona mwizi. Alijiambia kwamba Mardan, aliyekuwa mkarimu maisha yake yote, asingemnyima mwanamke mjamzito pa kulala.

Jioni ile ya kafuri walilijaribu jipu, yeye na Gulap wamekaa mbele. Lilipanda vizuri mpaka kwenye kona ya makaburi. Hapo, nyuma yao, kiganja kikapiga bodi mara moja.

Kila mtu pale anaijua lugha hiyo. Abiria akipiga mara moja anasema simama, akipiga mara mbili anasema twende. Sher Panah akakanyaga breki kwa mazoea tu, akageuka. Nyuma hamkuwa na mtu.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Sijasikia kitu," alisema Gulap, akitazama mbele tu. "Na wewe hujasikia. Geuza twende nyumbani."

Kesho yake Sher Panah alikwenda kwa Khalifa Nayab, mzee aliyewasomea wagonjwa na kuzika wafu wa kijiji kizima. Khalifa alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chake cha chai ya chumvi chini.

"Kila mtu ana mwenziwe, mwanangu, jini aliyezaliwa naye. Wengine humwita karini. Mtu akifia nyumbani, mwenziwe anaijua njia ya kuondoka. Akifia ugenini, hupanda sandukuni pamoja naye, na hashuki mpaka mbao zifukiwe. Huyu alikuwa amefika kwake, amebakiza hatua kumi, wewe ukampakia tena."

"Nifanye nini, Khalifa?"

"Zifungue uniletee. Na kabla hujazifungua, akigonga simama, umfungulie nyuma ashuke. Usimpitishe kaburi lake. Hasa usimpitishe ukiwa na mtu amelala juu ya mbao zile."

Sher Panah aliitikia, na nia alikuwa nayo. Lakini bila mbao zile jipu halikuwa na sakafu, na tumbo la mkewe lilikuwa limeshuka. Gulap alisema atampatia bati la pipa Jumamosi. Akaamua kungoja Jumamosi, na uamuzi huo alikuja kuujutia.

Uchungu ulimshika Khush Begim Alhamisi, saa saba mchana, baada ya siku tatu za jua kali mfululizo. Walimlaza juu ya mbao, mama yake Sher Panah akapanda kumshika, wanaume wanne wakasukuma, jipu likakohoa na kuwaka. Hata kabla ya kona, kafuri ilikuwa imejaa mle ndani.

Pigo moja.

Pale kona ni mlima. Injini ile, mguu ukitoka kwenye mafuta, huzima. Ikizima, staata hakuna, na wanaume wanne wamebaki kijijini. Huko mbele mto ulikuwa unasikika tayari, na mkewe analia kwa sauti ambayo yeye aliijua, maana aliisikia mara mbili kabla. Mguu wake ulikwenda kwenye breki, ukarudi kwenye mafuta.

"Nisamehe, Mardan," alisema kwa sauti ya chini. "Leo siwezi."

Pigo moja tena, lenye nguvu zaidi. Makaburi yakapita ubavuni, ukuta wake, mawe yake, yakabaki nyuma.

"Funga hiyo jeki, mwanangu," mama yake aliita kutoka nyuma. "Inagonga chini ya mbao, inamsumbua."

Jeki ilikuwa miguuni pa Sher Panah.

Alipoteremkia mtoni maji yalikwisha kuwa meusi na mazito, akayaingia hivyo hivyo kwa gia ya kwanza, na maji yakapanda kwenye magurudumu, yakapanda kwenye boneti, bomba la jiko likivuta pumzi juu ya kichwa chake, na nyuma yake mapigo hayakuwa tena moja moja bali yalifuatana, simama, simama, simama, yakitoka chini ya mgongo wa mkewe, mpaka usukani ukawa unatetemeka kwa mapigo na si kwa mawe, na jipu likazidi kulala kushoto, kushoto kule kunakotelemkia mkondo, naye akiukaza usukani kulia kwa mikono miwili na kuomba kwa kila jina alilofundishwa, na Khush Begim akapiga ukelele mmoja mrefu, kisha ukelele ukakatika, na mapigo yakakatika papo hapo.

Jipu likainuka upande wa kushoto. Alilisikia likiinuka chini yake, jepesi, likakaa sawa, likapanda ukingo wa pili likichuruzika maji. Nyuma mtoto alikuwa analia.

Sher Panah alilia machozi mpaka hospitali, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa na mtoto wa kiume, mzima, na mke mzima.

"Nikwambie," mama yake alimwambia jioni ile, akimfuta uso kwa ncha ya shali. "Alitoka katikati ya maji, hana pumzi. Rangi yake kama ya wale wawili. Nikasema basi, tumerudi kule kule. Mara ile jeki yako ikanyamaza, na mtoto akavuta pumzi. Mungu ni mkubwa, mwanangu."

Siku ya kumi na mbili alizifungua mbao zote sita, akazibeba mgongoni mpaka makaburini. Khalifa Nayab alikwisha kufukua juu ya kaburi la Mardan. Alisoma, akaweka kiganja juu ya ubao wa kwanza. Akaweka juu ya wa pili. Alipofika wa sita aliketi chini.

"Hizi ni mbao tu," alisema. "Hamna mtu. Alikwisha kushuka."

"Alishukia wapi?"

Khalifa alikung'uta udongo mikononi. "Mama yako amekuwa akinisimulia jinsi mtoto alivyopata pumzi. Anamsimulia kila mtu."

Sher Panah alijishika kwenye mpini wa koleo.

"Naweza kumsomea atoke," Khalifa alisema taratibu. "Nimewatoa wengine. Lakini huyu mtoto sijui kama ana pumzi nyingine ya kwake. Sitakudanganya. Nitakungoja hapa Ijumaa, umlete au usimlete."

Nyumbani Khush Begim alikuwa ameketi barazani juani. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne alikuwa anaimba.

"Khalifa amesemaje?"

"Amesema mbao zimefika."

"Basi mpokee mwanao, mikono yangu imechoka. Huyu halali, kazi yake kutazama watu."

Akampokea. Mtoto hakulia. Aligeuza kichwa polepole, akamkazia macho baba yake, macho matulivu ya mtu aliyesafiri mbali na sasa amekaa. Sher Panah akamkinga na jua. Alimwogopa. Na alimpenda, alimpenda mpaka kifua kikamuuma, na viwili hivyo hakuweza kuvitenganisha.

Ijumaa Khalifa Nayab aliketi makaburini na kitabu chake mpaka jua likapotea nyuma ya mlima. Sher Panah hakwenda.