Pedali ya Shigela

Kila Jumamosi mchana Dominika alimaliza kuosha vyombo vya mama yake, akajipangusa mikono, akaenda parokiani kutunza vyombo vya kwaya. Vyombo vya kwaya si sahani wala sufuria. Ni magitaa matatu ya umeme, amplifaya moja, spika mbili kubwa, na nyaya nyingi zinazopenda kujisokota zikiachwa ovyo. Dominika alikuwa darasa la sita. Sauti ya kuimba hakujaliwa, na mwenyewe alikubali hivyo, lakini mikono yake ilikuwa na utaratibu. Ndiyo maana Mwalimu Baltazari, kiongozi wa kwaya ya vijana, alimkabidhi ufunguo wa stoo. Aliuvaa shingoni, juu ya sweta, ili kila apitaye auone. Ufunguo nao huleta maringo, jamani!

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ikiwa imefungua biashara, na bidhaa za Zambia na za ng'ambo ya ziwa zilikuwa zimeanza kuingia Sumbawanga kwa wingi. Kwaya nayo ikaingiwa na tamaa ya mambo ya kisasa. Jubilei ya parokia ilikuwa inakaribia, na vijana walitaka gitaa la solo lilie kama magitaa ya redioni. Kwa hiyo walihitaji pedali. Pedali ni kisanduku kidogo cha chuma kinachowekwa sakafuni, katikati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji akikikanyaga kwa mguu, sauti ya gitaa hubadilika.

Zikapatikana pedali mbili, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Ya kwanza iliitwa ovadraivu. Aliileta Kalisti, kaka yake Dominika, aliyekuwa kidato cha pili. Mjomba wao wa Mbeya ndiye aliyemwazima. Ya pili iliitwa fazi. Hiyo aliileta Shigela, kijana wa kidato cha kwanza, ambaye wazazi wake walitoka Usukumani na ng'ombe wao, wakahamia kijiji cha Kaoze. Mjini aliishi kwa baba yake mdogo, Mzee Masalu, mwenye kibanda sokoni. Mzee Masalu alinunua bidhaa zake bandarini Kasanga, na pedali hiyo aliipata huko huko kwa watu wa boti.

Mwalimu Baltazari hakutaka ugomvi. "Jumapili baada ya misa ya pili tutazipima zote mbili," alisema. "Gitaa lile lile, amplifaya ile ile, wimbo ule ule. Itakayoshinda ndiyo itakayopigwa siku ya jubilei, na aliyeileta ndiye atakayepiga solo."

Jumamosi ile walizijaribu kidogo tu, kuzoeana nazo. Fazi iliponguruma kwa mara ya kwanza, waimbaji wa sauti ya kwanza waliruka. Ilikuwa sauti nene, yenye mikwaruzo, na haikutaka kunyamaza hata Shigela alipoacha kuzigusa nyuzi.

"Mshikaji, hiyo ni mashine ya kusaga!" alisema Kalisti, lakini macho yake yalionyesha wasiwasi.

Wakati wa kuondoka, Mwalimu alimwita Dominika. "Usisahau kuchomoa nyaya kwenye pedali. Waya ukibaki umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata kama hakuna anayepiga. Na betri hizi ndogo za pembe nne hapa mjini hazipatikani."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alichomoa waya wa ovadraivu, akaukunja vizuri. Kabla hajafika kwenye fazi, rafiki yake Luciana akachungulia dirishani. "Domi, fanya haraka! Leo kwenye ukumbi wa video wanaonyesha karate. Watu wamejaa!" Dominika aliisukuma fazi chini ya meza na waya wake, akafunga mlango, akatoka mbio.

Asubuhi ya Jumapili, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mji, alikwenda kufagia ukumbi wa parokia. Alipoivuta fazi kutoka chini ya meza, waya ulikuja nayo. Ulikuwa umechomekwa usiku kucha. Aliikanyaga, na kitaa chekundu cha juu yake, kilichowaka vizuri jana yake, kikaonekana kwa shida.

Moyo ulimlipuka. Njia ya kwenda kwa Mwalimu ilikuwa fupi, nyumba yake ilionekana kutoka pale mlangoni. Lakini Dominika aliufikiria ufunguo wake, akafikiria watu watakavyosema, akaitoa ile betri, akakimbia nayo nyumbani.

Kwao, kama kwa jirani zao wengi, betri za redio zikichoka huanikwa juani. Jua likikosekana, na kule Ufipa hukosekana mara nyingi, huwekwa kando ya jiko la kuni. Dominika alichuchumaa jikoni, akaigeuzageuza betri karibu na majivu ya moto.

"Hiyo ya wapi?" aliuliza mama yake, Coleta, akikoroga uji wa ulezi.

"Ya... ya redio ya kina Luciana."

"Mwambie mama yake anunue nyingine. Betri iliyoota moto huamka, lakini haifiki mbali."

Dominika alijifanya hakusikia. Aliirudisha betri kwenye fazi ikiwa ya uvuguvugu, na kitaa kikawaka chekundu kabisa. Akashusha pumzi. Aliamini amepona.

Baada ya misa ya pili ukumbi ulijaa, kwani hata wasio wanakwaya walikuja kusikiliza. Jenereta ya parokia iliwashwa. Mwalimu akasimama mbele.

"Dominika, umezikagua betri? Zote ziko sawa?"

"Ziko sawa, Mwalimu."

Kalisti alianza. Ovadraivu ilikuwa na sauti ya joto, yenye ukali kidogo pembeni, kama ya mwimbaji aliyeimba mpaka koo likakwaruza. Alipogusa nyuzi taratibu, gitaa liliimba kwa upole. Alipozipiga kwa nguvu, likakoroma. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika.

Kisha Shigela akapokea gitaa. Alikanyaga fazi, na beti la kwanza likatoka nene na la kutisha, hata watoto waliokaa sakafuni wakacheka kwa furaha. Beti la pili lilipoanza, sauti ikapungua. Ikakatika, ikarudi, ikakohoa, ikawa nyembamba kama ya mbu. Shigela alikanyaga tena. Pedali ikatoa mkwaruzo mmoja, ikanyamaza.

Ukumbi mzima ulicheka.

"Pedali ina kifua!" mmoja akapiga kelele.

"Feki hiyo! Mzee Masalu anauza feki!" akadakia mwingine.

Shigela alisimama pale na gitaa, jasho likimtoka. "Jana ililia vizuri," alisema. "Wote mliisikia." Alitazama huku na huku akitafuta shahidi, macho yake yakamwangukia mtunza vyombo. "Dominika, wewe ulikuwepo mpaka mwisho. Si ilikuwa nzima?"

Dominika aliitazama sakafu. "Sijui," alijibu.

Neno lile lilikuwa dogo, lakini lilimuunguza kinywani. Aliona haya hata kumtazama Luciana.

Jioni ile mama alikaanga migebuka, samaki wa ziwani, kumpongeza Kalisti. Kalisti alisimulia, akaiga kikohozi cha pedali, mama akacheka mpaka akafuta machozi. Dominika alimega tonge la ugali, akalirudisha. Alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala akiwa na njaa.

Uongo hauna miguu mirefu, lakini maneno ya sokoni yana mbawa. Siku ya Jumatano Dominika alitumwa chumvi, akapita karibu na kibanda cha Mzee Masalu. Mwanamke mmoja, Mama Redempta muuza maharage, alikuwa amesimama pale na tochi mkononi.

"Nirudishie changu, Mzee Masalu. Nasikia vitu vyako ni feki. Watoto wa kwaya wamekuumbua mbele ya kanisa zima."

"Mama, tochi si inawaka?"

"Inawaka leo. Kesho je?"

Mzee Masalu aliipokea ile tochi nzima, akamrudishia mama yule fedha yake bila kubishana. Shigela alikuwa nyuma ya kibanda akipanga sabuni, ameinamisha kichwa. Dominika alirudi nyumbani mbio, bila chumvi. Alijificha nyuma ya kihenge cha mahindi akalia. Alijichukia. Alijua kwamba angeweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja, na bado sentensi yenyewe haikutoka.

Jumamosi Shigela hakuja mazoezini. Badala yake alikuja Mzee Masalu mwenyewe. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mzee," vijana walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu." Aliikunja kofia mikononi. "Mwalimu, nimekuja kuichukua ile pedali. Na nimekuja kuomba radhi. Sikujua kama ni mbovu. Niliwaamini watu wa boti. Nimeleta aibu kwenye kazi ya kanisa, nisameheni. Wiki ijayo nitashuka Kasanga nikamkabili aliyeniuzia."

Mzee mwenye mvi alikuwa anawaomba radhi watoto. Dominika alitamani ardhi ipasuke immeze. Halafu akakumbuka kwamba huko Kasanga kuna mtu mwingine, asiyejua lolote, ambaye naye ataitwa mwizi.

"Usiende, Mzee!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. Kila mtu akageuka. "Pedali si mbovu. Mimi ndiye... Niliacha waya usiku kucha, betri ikaisha. Nikaiotesha moto, nikanyamaza. Mwalimu aliponiuliza nikasema ziko sawa. Na Shigela aliponiuliza nikasema sijui, nami nilijua."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kalisti, aliyekuwa ameshika gitaa, alilishusha polepole, masikio yake yakawa ya moto.

Mwalimu Baltazari alimgeukia Dominika. Hakufoka. "Nenda kamwite Shigela," alisema. "Wewe mwenyewe."

Dominika alikwenda sokoni, akarudi na Shigela. Njiani alimweleza yote, na kijana yule akaongeza mwendo, akamtangulia. Walipofika, Mwalimu alikuwa ameitoa betri ya ovadraivu na kuiweka kwenye fazi.

Shigela alipiga wimbo ule ule, beti la kwanza, la pili, mpaka mwisho. Fazi ilijaza ukumbi. Iliunganisha noti na noti, ikavuta sauti ndefu iliyotetemesha vioo vya madirisha. Kisha betri ikarudishwa kwenye ovadraivu, Kalisti naye akapiga.

"Sasa tumepima kwa haki," alisema Mwalimu. "Mnasikiaje?"

"Fazi inameza maneno ya waimbaji," alisema msichana wa sauti ya kwanza. "Ovadraivu inatuacha tusikike."

"Lakini kwenye shangilio, tunapocheza na kupiga vigelegele, ovadraivu inapotea," alisema mwingine. "Pale panataka fazi."

Kalisti akamgeukia Shigela. "Mshikaji, nisamehe. Nilishangilia mbio ambazo mwenzangu alikuwa amefungwa miguu. Mimi nipige beti, wewe upige shangilio. Unasemaje?"

"Poa," alijibu Shigela. Kisha akamtazama Dominika kwa mara ya kwanza. "Ungeniambia asubuhi ile, tungeihamisha betri kama hivi. Ni jambo dogo."

"Najua," alisema Dominika, machozi yakimdondoka. "Nisamehe."

"Nitakusamehe," alisema Shigela. "Lakini si leo. Leo bado nina hasira."

Dominika alivua ufunguo shingoni, akampa Mwalimu. Mwalimu aliupokea.

"Sikiliza, Dominika, nanyi wote sikilizeni," alisema. "Kusahau waya si kosa la kumfukuzisha mtu. Hata mimi husahau. Lakini ulipoogopa kulaumiwa kidogo, ulimwachia mwenzako alaumiwe sana. Ukweli ungekugharimu dakika moja ya aibu. Uongo umekugharimu wiki nzima, na hukulipa peke yako. Na sasa kazi haijaisha. Jina la Mzee Masalu halikuharibikia humu ndani tu. Limeharibikia sokoni pia."

Dominika alielewa. Akafuatana na Mzee Masalu mpaka sokoni. Mama Redempta alikuwa anapima maharage kwa kopo. Watu walikuwa wengi, na Dominika alipoanza kusema, kelele zao zikamfunika. Akaanza upya. Alieleza habari ya waya, ya betri, ya moto, na ya uongo wake, mbele ya wanunuzi waliosimama na vikapu. Wengine walimcheka waziwazi. Mama mmoja akasema, "Makubwa! Na ufunguo ule wote wa shingoni!"

Mama Redempta aliweka kopo chini. Alimtazama Mzee Masalu, kisha akatazama maharage yake. "Basi Mzee, ile tochi yangu... bado ipo?"

"Ipo, mama. Inawaka."

Walipokuwa wakiondoka pale, Dominika alijifuta uso kwa kiganja. "Mzee, nitafanya kazi likizo nzima ili ninunue betri nyingine. Nitaagiza Mbeya."

Mzee Masalu alivaa kofia yake. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu.

"Betri nitaileta mwenyewe, mwanangu. Siku hizi Kasanga kila kitu kinashushwa: betri, vitenge, redio, hata miwani ya jua ambayo hapa Ufipa sijui tunaivalia jua lipi. Lakini miaka yote niliyoshuka kule, sijawahi kuona boti inayoleta jina la mtu. Likiharibika, hulitengeneza yule yule aliyeliharibu, kwa kinywa kile kile."

Alinyoosha mkono kuelekea mstari wa wauza ulezi na samaki, ambao hawakuwa wamesikia. Dominika akaitikia kwa kichwa, akasogea kwenye meza iliyofuata, akasalimia, akaanza kueleza tena.