Pumzi ya Silinda ya Tatu

Lokule alizima gari, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Injini ikaendelea kukohoa kama mzee anayetafuta kohozi, kisha ikanyamaza. Hakushtuka. Magari makuukuu hufanya hivyo yakipata moto. Kilichomsumbua ni harufu. Alipofungua kabureta haikunuka petroli. Ilinuka kinywa cha mgonjwa.

Ilikuwa mwaka 1987, watu bado wakirudi kutoka uhamishoni Kongo na Sudan, na gereji ya Lokule pale Oli, ukingoni mwa mji wa Arua, ilikuwa ua wa nyumba yake tu. Ile Pijo 404 ilikuwa ya Mama Kaltumu, muuza samaki wakavu wa Koboko. Mwenyewe aliketi kivulini, akimtazama.

"Fundi, gari iko nazima njiani," alisema. "Inatetemeka, inakata. Tengeneza tu."

Lokule alikuwa amebadilisha plagi, amesafisha pointi, amepuliza mrija wa mafuta. Bado injini ilimisi, ikikatakata mlipuko. Akaiwasha tena, akawa anachomoa waya za plagi mojamoja. Ya kwanza, injini ikalegea, kama ilivyopaswa. Ya pili, vilevile. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Silinda hii imekufa, akajisemea. Akachukua bisbisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma cha silinda hiyo, mpini akauweka sikioni, wasikilizavyo mafundi.

Alisikia mtu anahema.

Alihema taratibu, kama aliyelala. Kisha akavuta pumzi ndani, akavuta, akavuta bila kuitoa. Na injini iliyotetemeka tangu asubuhi ikatulia, ikaunguruma laini kama mpya.

Jikoni beseni likaanguka.

Lokule alimkuta mkewe Paska sakafuni, macho yamemtoka, mikono kooni, midomo imegeuka rangi ya majivu. Alimpiga mgongoni, akamwita, wapi! Nje, injini ikakata. Papo hapo Paska akavuta pumzi kwa sauti ya kitambaa kinachochanika.

"Kuna kitu ilikalia mimi kifuani," alinong'ona. "Lokule, iko nacheka."

Lokule alitoka na bisbisi mkononi. Kaltumu hakuwa amesogea.

"Umesikia yeye," alisema kwa sauti ya chini. "Kila fundi anasikia."

"Ni kitu gani iko ndani?"

"Jini. Bwana yangu alinunua gari pamoja na yeye, hakujua. Jini hana pumzi yake. Akipata kifua ya mutu, gari inatembea vizuri. Kifua ikiisha, gari inamisi tena. Alianza na bwana yangu. Halafu dada yangu." Akatazama pembeni. "Gari ikikaa bila kutembea, atarudi kwangu. Sasa naleta kwa mafundi. Fundi hakosi mutu nyumbani."

Lokule akainua bisbisi.

"Ua mimi," alisema Kaltumu. "Yeye atabaki kwa bibi yako."

Mkono ukamshuka. Akakimbia kumwita Mzee Abiriga, mganga wa majini wa mtaa ule, ambaye walipokimbia vita alimbeba Paska mgongoni mpaka ng'ambo ya mpaka. Mzee alikuja mara moja na ubani wake.

"Washa," alisema. "Jini asiposema, hatoki."

Injini iliwaka kabla ufunguo haujageuzwa. Mzee akaweka mkono juu ya boneti akaanza kusoma, na moshi mweupe ukafurika uani ukinuka kile kinywa, na ndani Paska akaanza kukoroma, na Lokule akazungusha ufunguo kuzima, haikuzima, akang'oa waya wa betri, haikuzima, akaziba kabureta kwa kiganja nayo ikamnyonya ngozi kama mtoto anyonyavyo titi, na katikati ya mngurumo, neno moja kwa kila mlipuko, sauti ikasema:

"Huyu. Au. Mwingine. Taja. Jina."

"Usijibu, mwanangu," mzee alinong'ona. "Usitaje mutu. Kisomo imebaki kidogo."

"Kaltumu!" Lokule alipiga kelele.

"Huyo. Wangu. Zamani."

Visigino vya Paska vilikuwa vikigonga sakafu. Sasa viliacha.

Lokule akamtazama mzee. Alikuwa amefumba macho, jasho likimtiririka, akisoma.

"Abiriga," alisema Lokule. Hakupiga kelele. Alilitamka polepole, lisikike vizuri.

Mzee akafumbua macho. Hakuonyesha hasira, mshangao tu. Kisomo kikamkatikia katikati ya neno, akaegemea boneti, akateleza chini mdomo wazi. Injini ikaunguruma laini.

Kaltumu akainuka, akakung'uta vumbi, akaingia nyuma ya usukani.

"Asante, fundi. Wengine wanachelewa sana kutaja."

Gari likashika njia ya Koboko bila kukata hata mara moja.

Paska alitoka akishika ukuta, akihema vizuri. Alimfumba mzee macho, akamfunika kwa kitenge chake. Maziko yalipokwisha, alifunga nguo zake furushi.

"Unaenda wapi?" Lokule aliuliza.

"Omugo. Kwa mama."

"Paska, mimi niliokoa wewe!"

"Najua." Hakumtazama. "Nilikuwa chini, lakini masikio ilikuwa inasikia. Sauti yako haikutetemeka, Lokule." Akajitwisha furushi. "Siku ingine kitu ingine itauliza wewe jina tena. Na mimi ndiye nitakuwa karibu."