Maili za Kiti Kitupu

Mwizi hakuvunja kufuli wala hakutoboa ukuta. Alizibeba maili zote za Maman Georgette, na nyuma yake hakuacha hata unyayo.

Maman Georgette, muuza vitenge wa Kadutu, aligundua wizi huo Ijumaa asubuhi katika ofisi ya tiketi, mtaa wa Nyawera. Hakupiga yowe. Alimkamata wakala wa tiketi kwa ukosi wa shati, akamburuta hadi kituo cha polisi, akamsimamisha mbele ya Inspekta Mardochée kama mbuzi wa mnada.

"Papa Inspekta, mwizi njo huyu. Umufunge!"

"Sijaiba, chef!" Wakala, kijana aitwaye Hugues, alihema. "Maman, niachie shingo kwanza!"

"Ameiba nini?" aliuliza Mardochée.

"Jicho la mudogo wangu."

Inspekta aliweka kalamu chini. Hilo hakuwa amelisikia tangu aanze kazi.

Maelezo yakatoka. Maman Georgette hufuata vitenge ng'ambo, na kwa kuwa Mungu hakumbania alipomuumba, kila safari hununua viti viwili: kimoja cha kukalia, kingine cha kupumulia. Shirika la ndege humpa msafiri maili za zawadi. Zikijaa, zinageuka tiketi ya bure. Mashine zao zilihesabu kiti kimoja tu. Hugues ndiye aliyewabana wenye ndege: kiti cha ziada kimelipiwa, basi nacho kina haki yake. Wakakubali. Tangu hapo, kila safari ya Maman ilizaa mara mbili.

Na maili hizo zilikuwa na kazi. Jumatatu, daktari wa macho alikuwa akimsubiri Godelive, mdogo wake Maman, huko Nairobi. Jicho moja lilikwisha kuzima. Asipopasuliwa sasa, la pili, lililokuwa likififia, nalo lingezima.

"Nani anajua habari za upasuaji?"

"Miye na Godelive, basi. Alinikataza kusema. Hapendi kuhurumiwa kama kuku ya mvua."

"Na neno la siri la akaunti?"

"Huyu Hugues njo analijua!"

Mardochée alimketisha Hugues kwenye benchi, akawapigia simu wenye ndege. Jibu lilikuja upesi. Maili zimekata tiketi ya Kigali hadi Nairobi, kesho jioni. Msafiri ni mmoja, Luc Mugisho. Viti ni viwili. Tiketi ingefutwa na maili kurudishwa ikiwa tu polisi wangethibitisha wizi kabla ndege haijaruka.

"Luc Mugisho. Mnamjua?"

Maman alitikisa kichwa. Hugues naye pia.

Inspekta alikuna kidevu. Viti viwili vilimkera kama mwiba wa samaki kooni.

"Hugues, ungekuwa weye mwizi, ungechukua viti viwili kwa mtu mmoja?"

"Aa, chef! Nusu ya maili niimwage kwenye kiti kitupu? Na tiketi ya zawadi haizai maili nyingine, hata ukae peke yako ndege nzima. Ningechukua kimoja, kingine nimpe mchumba wangu."

"Unasikia!" Maman alifoka. "Alikwisha kupanga!"

Lakini Mardochée alitabasamu. Anayejua thamani ya mali hatupi nusu ya alichoiba.

"Sasa kiti cha pili kimetoka wapi?"

"Akaunti ya Maman imehifadhi alama ya kiti cha ziada. Anayejua kazi anaiondoa. Asiyejua anaiacha."

"Maman, simu yako nani huishika?"

"Miye mwenyewe."

"Na kuandika?"

"Kuandika, ni Fabiola. Vidole yangu inabonyeza herufi tatu mara moja. Lakini Fabiola iko mutoto wangu!"

"Nimeuliza vidole, Maman. Sijauliza tumbo lililozaa."

Walipanda Kadutu wote watatu. Walimkuta Fabiola akikunja vitenge sebuleni. Kando yake Godelive alikuwa akichambua maharage kwa kupapasa.

"Mademoiselle, nisaidie," alisema Mardochée, akijikalia bila haraka. "Namtafuta mwizi wa maili za mama yako. Anaitwa Luc. Kachukua viti viwili, kwa hiyo ni jitu nene. Nitaagiza pale mpakani Ruzizi kila mwanamume mwenye kitambi akamatwe."

"Kitambi?" Fabiola aliangua kicheko kabla ya kufikiri. "Luc? Ule, upepo ya ziwa inamubeba!"

Akajiziba mdomo kwa kitenge. Godelive aliacha maharage.

"Luc gani?" Maman aliuliza, polepole.

Fabiola alikiweka kitenge chini.

"Ni mchumba wangu, Maman. Amepata kazi ya garaji Nairobi. Asipofika Jumatatu, inapewa mwingine. Nilimudanganya kama shirika limetoa zawadi. Yeye hajui kitu."

"Juu ya nini hukuniomba?"

"Ungeuliza Luc ni nani, na ng'ombe ya mahari iko wapi. Na tena... kwa ile kiti hakuna mutu alikaa. Nikasema, maili ya kiti kitupu si ya mutu."

Maman aliketi juu ya mzigo wa vitenge.

"Si ya mutu! Unajua nilipita wapi na ile kiti? Kila ndege batu balicheka. Batoto balininyooshea kidole. Nilinyamaza. Nilisema moyoni, mucheke, mucheke sana, jicho ya Godelive inapona."

"Jicho ya mama mudogo? Si balisema haitapona?"

"Inapona. Jumatatu."

Fabiola alipiga magoti, akalia. Kisha yeye mwenyewe akaichukua simu. "Luc, usivuke Ruzizi. Rudi. Tiketi haiko yetu."

Ungamo likaandikwa, likatiwa sahihi, likatumwa. Mchana haujaisha, wenye ndege walijibu: maili zimerudi, zote. Maman aliimba aleluya, majirani wakachungulia.

"Na mashtaka?" aliuliza Inspekta.

"Mashtaka gani? Hugues huyu, umuachie."

"Na shati langu, Maman?" Hugues alionyesha ukosi uliochanika.

"Chagua kitenge. Na weye Fabiola, mwambie Luc wako aje nimuone. Kwa miguu! Maili inatosha viti viwili. Weye utamushika mama mudogo mukono mpaka Nairobi."

"Vizuri," alisema Godelive kutoka pembeni. "Mumepanga, mumelia, mumesameheana. Miye mwenye jicho, nani ameniuliza kitu?"

Fabiola akamsogelea, akimwogopa.

"Unataka nini, mama mudogo?"

"Wakati wa kurudi," alisema Godelive, "munipe kiti ya dirishani."