Aliyeona Miguu Tu

Theresia aliishi katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Mtinko. Alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa kisomo cha watu wazima, na tangu ajue kusoma hakuna herufi iliyompita. Alisoma gunia la chumvi. Alisoma ubavu wa basi. Alisoma hata kipande cha gazeti alichofungiwa sabuni dukani, kisha akakaa akijiuliza habari ile iliishaje.

Basi, Jumatano asubuhi alikuta karatasi mpya ukutani kwenye duka la ushirika. Akatua kikapu chake cha uwele, akafuata maneno kwa kidole.

"TAHADHARI. Jana mchana mtu aliingia katika ghala la chuo cha walimu. Alichukua redio na mablanketi mawili. Alivaa koti refu la kijivu. Alikuwa na baiskeli. Fungeni milango yenu. Aliyeona chochote, hata kidogo, amweleze askari Melkiori hapo chuoni."

Kidole cha Theresia kilirudi nyuma, kikasimama kwenye koti.

Jana mchana alikutana na koti hilo. Alikuwa anatoka shamba, akaona mtu anakuja akikokota baiskeli, amevaa koti refu la kijivu. Akajua ni Filipo, mume wa binti yake Cecilia, kwa sababu Filipo anapenda koti lake hata jua likiwaka. Na mama hamtazami mkwe wake usoni. Ndiyo heshima yao. Theresia akatoka njiani, akainamisha kichwa mpaka mtu yule akapita.

Siku ile hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba hakuona kitu. Uso hakuuona.

Lakini koti la Filipo lilijulikana na wengi. Alhamisi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, jirani yake Stumai alimvuta kando.

"Mama Cecilia, mkweo ana kesi ya koti," akasema. "Tulimwambia alivue, akadhani tunamwonea wivu."

Theresia hakucheka. Stumai naye akaacha mzaha. Akaeleza kwamba vijana wa mgambo, wakiongozwa na Chrispin, wamepanga kwenda kwa Filipo Jumamosi. Watapekua nyumba, na akibisha watamfunga kamba wampeleke wenyewe. Stumai alijua maana ya hilo. Mwaka juzi mtu alifungwa hivyo kwa ajili ya ng'ombe, na mpaka leo mkono wake haunyooki. Ng'ombe alikutwa kwa mwingine.

Jioni Cecilia alikuja kwa mama yake, macho yamevimba. Alisema Jumanne Filipo alikuwa na homa, alilala ndani kutwa, na hakuna aliyemwona ila yeye. Nani atasikiliza neno la mke?

Theresia alichanganyikiwa. Akisema aliona koti, amemmaliza mkwe wake. Akinyamaza, Jumamosi inakuja. Na kama Filipo alikuwa amelala, basi yule wa njiani alikuwa nani? Swali hilo lilimwasha kama upupu. Tena akakumbuka jambo. Filipo akimwona mama mkwe kwa mbali hukohoa, ili ampe nafasi ya kupisha. Mtu yule hakukohoa.

Ijumaa asubuhi alikwenda chuoni.

Askari Melkiori, polisi aliyepangiwa kulinda chuo, alikuwa kijana mpole. Alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akafungua daftari. Theresia akaanza kueleza kwamba watu wanamtaja mkwe wake, lakini yeye anaona kwamba...

"Mama, usinitajie mtu bado," Melkiori alimkatiza taratibu. "Niambie macho yako yaliona nini."

"Macho yangu yalikuwa chini, baba. Niliona miguu tu."

"Basi niambie ya chini."

Theresia alifumba macho. Kumbe mambo yalikuwepo. Aliona raba nyeupe, ya kushoto imekatwa pembeni ili kidole kidogo kipumue. Aliona gurudumu la mbele, na katikati yake utepe wa ngozi nyekundu umezungushwa. Alisikia harufu ya vidonge vya nondo, vile vya kufukuza wadudu wa nguo. Kengele ya chakula ya chuo ilikuwa imelia muda huo huo. Mtu alielekea njia ya Iguguno.

Melkiori aliandika yote kama alivyosema. Kwenye harufu alisimamisha kalamu.

"Mablanketi yetu tunayahifadhi kwa vidonge hivyo," akasema. "Kwa nini hukuja juzi, mama?"

"Nilidhani anayetakiwa ni aliyemjua mwizi."

Melkiori alitikisa kichwa. Akamweleza kwamba kazi ya raia ni kuleta alichoona au alichosikia, mapema, kabla hajasahau. Kumtafuta mwenye kosa ni kazi ya polisi. Anayeogopa kuja chuoni amweleze balozi wa nyumba kumi, na jina lake halitatangazwa. Kisha akakiri kosa lake mwenyewe. Makoti kama lile yaliuzwa mnadani marundo kwa marundo, naye ameandika koti na baiskeli tu, bila alama nyingine. Karatasi yake ndiyo iliyomtia Filipo matatani.

Mchana ule ule alimwita Chrispin na kumwambia hakuna nyumba ya kupekuliwa na mgambo. Halafu akabandika tangazo jipya. Koti halikuwemo. Ziliandikwa raba iliyokatwa na utepe mwekundu, na chini yake: "Msimkamate mtu. Njooni mseme." Nakala moja akampa kondakta wa basi la Iguguno.

Jumatatu fundi baiskeli wa Iguguno, mzee Anselm, alifika chuoni. Utepe ule aliufunga yeye kwa mkono wake, kwa mgeni aliyepanga chumba nyuma ya soko. Polisi walikwenda naye. Redio ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa blanketi.

Chrispin alikwenda kwa Filipo, kofia mkononi, akaomba radhi mbele ya majirani wale wale waliokuwa wakimtaja. Filipo alimwacha asimame kidogo. Kisha akamwambia Cecilia alete togwa.

Mwezi uliofuata, mbuzi wawili wa Stumai walipotea asubuhi. Theresia alisoma tangazo dukani kwa sauti, polepole, mara mbili. Kabla ya kengele ya chakula watu watatu walikuwa wamefika kwa Melkiori. Mmoja alisikia mlio bondeni. Mmoja aliona kinyesi kibichi njiani. Lakini wa kwanza kufika, aliyeona ua uliovunjwa, alikuwa Filipo.