Yai la Mhandisi Gama

"Mimi nimewapumbaza mawaziri watatu, maaskofu wawili na farasi wa polisi," alisema Bi Tausi Maganga, huku akijishusha kitini kwa awamu, kiuno kwanza, magoti baadaye. "Mawaziri walikuwa wamesinzia, nisikufiche. Maaskofu walikuja kukagua paa. Ila farasi alishangaa kweli."

Mgeni wake hakucheka. Alikuwa Mhandisi Fokasi Gama, mzee wa miaka sitini na mitatu, mrefu, aliyeuvaa uchovu kama koti la kurithi. Alikuja kwenye ukumbi wa Bi Tausi, ukumbi wa mwisho wa mazingaombwe katika jiji zima la Makambako, kuomba afundishwe mchezo mmoja tu wa kuanzia.

Bi Tausi alitoa shilingi, akaifumba mkononi, akapuliza, akafungua viganja vyote viwili. Vitupu.

"Iko nyuma ya mkono wa kushoto, kati ya kidole cha kati na cha pete," alisema Gama, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sabuni. "Samahani, Bibi. Sikutaka kusoma. Inajiandika yenyewe."

Iliyojiandika ilikuwa ni mboni ya pili. Ni utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, uliopandikizwa katika jicho la kila raia, na ukishaota hautoki tena. Chochote mtu alichokitazama, mboni ilikipima na kumwandikia ukweli wake pembeni mwa jicho kwa herufi nyekundu: nyanya hii ina siku tisa, tabasamu hili ni la mdomo tu, huyu anadanganya. Ililetwa enzi zile picha za uongo zilipojaa mpaka watu wakawa hawaamini hata misiba yao. Iliwaponya. Kisha ikawachosha. Kwa miaka kumi na minane hapakuwa na mtu aliyemwambia mwenzake "umependeza" bila kuogopa herufi zitasemaje.

Bi Tausi hakuwa nayo. Macho yake yaliwahi kuugua trakoma, yakaukataa utando mara mbili. Kwa hiyo yeye peke yake, jiji zima, ndiye aliyeweza kudanganywa. Wengine walikuja ukumbini kwake si kutazama michezo, bali kumdanganya kidogo ili wapumzike. Mmoja alimwambia amewahi kuwa rubani. Bi Tausi alimpikia chai.

"Sijui ni mlaaniwa gani aliyeitengeneza," alisema, akirudisha shilingi mfukoni.

"Ile sehemu ya kusoma uongo niliiandika mimi."

Bi Tausi alimtazama toka unyayo hadi utosi. "Basi kaa chini, Mhandisi. Kosa lenyewe kubwa, huwezi kusimama nalo."

Gama akakaa, akaeleza shida yake. Ilikuwa mke wake, Skolastika. Zamani, akishangazwa na jambo, alikuwa anajipiga paja na kusema "Lo, Baba Otmari!" mpaka majirani wanasikia. Tangu wawekewe mboni, hajalisema. Akiletewa zawadi, anaijua kabla hajaifungua. Mume akirudi mapema, nyayo zake zimeshasomwa ngazini.

"Mwezi uliopita tulikaa siku nne bila kusema neno. Si kwa ugomvi, Bibi. Hapakuwa na kitu ambacho mwenzangu hakijui. Nataka ashtuke mara moja tu kabla hatujafa. Nimemwomba aje hapa Jumamosi, saa kumi alasiri."

"Amekubali?"

"Amesema hana kazi."

Wakaanza kuchagua. Gama alivaa mkononi kishauri, kile kimashine cha kutoa mapendekezo, nacho kikataja michezo arobaini kwa mpigo. Bi Tausi aliichambua kama mchele wenye mawe.

"Kumkata mtu kwa msumeno? Anayeanza hakati mtu. Anayeanza hata tikiti humshinda. Kamba? Utajifunga. Njiwa? Njiwa wangu kazeeka, anatoka kofiani siku anayojisikia." Akakifunika kishauri kwa kitambaa cha meza. "Sikiliza. Mchezo wa kwanza uwe na kitu kimoja, kila mtu awe nacho jikoni kwake, na mikono yako isiharakishwe. Yai."

Alitoa mfuko wa kitambaa cheusi, mdogo kama soksi ya mtoto, wenye bitana ndani. Yai linaingizwa, linateleza kwenye bitana. Unaubana mfuko pembeni, unaugeuza, unaupiga, hakuna yai. Unamwita mtu apenyeze mkono ahakikishe. Halafu unapuliza, yai linarudi.

"Mboni itaandika: yai liko kwenye bitana," alisema Gama.

"Itaandika," alikubali Bi Tausi, na bega lake likashuka. Hapo ndipo michezo yake yote ilipofia. Watu walikuja, wakasoma, wakaondoka dakika ya kumi. "Hivi hilo dude lako halipumziki hata siku ya msiba?"

Gama akainua kichwa. "Msibani hupumzika."

Akamsimulia. Mwaka wa kwanza wa mboni kulikuwa na maziko Iringa. Watani wakaja kama desturi, mmoja akalala ndani ya kaburi akisema hatoki, marehemu alimwibia kuku. Mboni za waombolezaji wote zikaandika: anadanganya. Ngumi zikapigwa juu ya jeneza. Basi Gama akaagizwa kuweka mlango: mboni ikisikia watani wanataniana, hujifumba kwa kila anayewatazama, hadi utani uishe.

"Wewe kabila gani?" aliuliza Bi Tausi taratibu.

"Mngoni."

"Na mkeo?"

"Mhehe."

"Mngoni umeoa Mhehe, mtani wako wa jadi! Umekalia ufunguo miaka kumi na minane, unakuja kuniuliza mimi dirisha liko wapi?"

"Sikuwahi kumtania, Bibi. Hata siku ya posa shemeji zangu waliponitania, niliwajibu kwa takwimu."

Siku tatu zilizobaki walifanya mazoezi. Mikono ya Gama ilikuwa afadhali kuliko ulimi wake. Utani ulimtoka kama taarifa ya mkutano. Bi Tausi alikuwa akijilaza kwenye benchi, kitambaa usoni, akimsikiliza na kuguna.

"Na yai ulichemshe," alimkumbusha Ijumaa. "Unatetemeka. Likikuvunjikia mbele za watu, umekwisha."

Jumamosi mchana alimuuliza, "Umelichemsha?"

"Nimelichemsha, Bibi," alisema Gama, akimtazama usoni.

Watu walikuja thelathini na mmoja. Bi Tausi alichungulia nyuma ya pazia. Katika kiza cha ukumbi aliona yale macho, kila moja na kinukta chekundu cha mboni katikati, kama jiko linalotaka kuzimika. Gama alimwita mkewe jukwaani. Skolastika alipanda polepole, mkoba begani, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri treni.

Gama akawageukia watu. "Jamani, mbwa wa Makambako wapumue. Mhehe yuko hapa juu, hayuko mtaani."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, na vinukta vikazimika vyote, safu kwa safu.

Skolastika aligeuza shingo, akamtazama mumewe kama aliyemkuta amevaa gauni. "Afadhali sisi tunaojitafutia kitoweo," alisema. "Ninyi mlitembea toka Kusini miaka na miaka, mkafika hata sufuria hamna."

Ukumbi ukavuma. Gama akaingiza yai, akaubana mfuko, akaugeuza, akaupiga kofi. Hakuna yai. Watu wakainama mbele. Hawakuwa wamewahi kuinama hivyo miaka mingi. Akamsogezea mkewe mfuko, na hapo utani ukamwishia. Sekunde moja, mbili. Safu ya mbele, kinukta kimoja kikawaka. Kikafuata cha pili. Gama alivyoviona, vidole vyake vilivyobana pembe ya mfuko vikalegea, na Bi Tausi nyuma ya pazia akafumba macho yake mabovu.

"Wewe Mngoni!" Skolastika alipaza sauti, mkono wake umezama mfukoni. "Hata kuiba umesahau? Babu zako wanalia huko waliko!"

Vinukta vikazimika. Skolastika alipapasa, akapapasa tena, akautoa mkono na kuurekebisha mkanda wa mkoba begani. "Halimo," akatangaza.

Gama akapuliza. Akatia mkono kwenye bitana kuchukua yai lake. Akatafuta pembe hii, akatafuta ile. Akaupindua mfuko nje ndani. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepoteza nyumba njiani. "Halipo," alisema kwa sauti ndogo. "Kweli halipo."

Watu thelathini wakasema "Aaah!" kwa pumzi moja, wakasimama, na bibi mmoja akalia. Skolastika peke yake hakusema kitu. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili, akateremka.

Katika chumba cha nyuma, Gama aliketi kwenye sanduku la njiwa. "Wote wameshtuka, Bibi. Yeye hakushtuka." Kisha akainua macho. "Yai umelichukuaje?"

"Mimi sijaligusa," alisema Bi Tausi.

Wote wawili wakamtazama Skolastika, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mnaniangalia nini? Sijui liliko. Nimeshangaa kama wenzangu."

Utani ulikuwa umeisha. Bi Tausi aliona kinukta kikiwaka katika jicho la Gama, akaona jicho lenyewe likisoma, kisha likageukia ukutani kwa adabu, kama la mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Lakini Bi Tausi hakuhitaji herufi. Kutoka pembe ya mkoba uzi wa njano ulikuwa unashuka, mzito, unadondokea kiatu.

"Skolastika mwanangu, mkoba unavuja nini?"

"Uji."

"Uji wa kuku?"

Skolastika akashusha pumzi. "Aliachia mfuko, Bibi, yai likaja lenyewe kiganjani. Ningeliacha, wangemcheka. Nikalisukumia humu, sikujua ni bi—" Akakatiza.

Bi Tausi alikuwa ameshamgeukia Gama. "Bichi. Na wewe uliniambia umelichemsha. Ukanitazama usoni."

Mhandisi aliyeifundisha dunia kusoma uongo aliinamia viatu vyake. "Nilisahau kulichemsha," alisema. "Halafu ulipouliza, nikaona... wewe huna mboni. Nikataka kuonja tu."

Skolastika alimtazama mumewe. Mkoba ukamponyoka. Mkono ukapaa, ukashuka kwenye paja kwa kishindo, mpaka njiwa mzee akaruka ndani ya sanduku.

"Lo, Baba Otmari!"